Jasusi kwenye Shuka la Bibi

Sinema ile ilianza Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa kumi kamili jioni, wakati upepo wa Sumbawanga unakufanya uvae sweta juu ya sweta. Nilikuwa kidato cha pili. Nimeikumbuka leo kwa sababu nimepita mtaa wa Izia nikakuta lami imepita juu kabisa ya mahali lilipokuwa jiko, nikasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Pale palikuwa na kilabu cha pombe cha bibi yangu. Usifikirie baa. Kilijengwa na babu yake kwa matofali ya kuchoma, madirisha madogo, na mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa tu. Ukiingia unapokelewa na harufu ya moshi na ulezi uliochacha. Sisi watoto tulipewa togwa, tunanywea mlangoni. Bibi alikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi hakuivunja: anayekupa kikombe anapiga funda la kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo upokee. Wazee wake walifanya hivyo ili mgeni ajue hakuna kitu kibaya humo.

Mwaka ule ukuta wa mbele ulikuwa umeshachorwa X nyekundu, barabara inapanuliwa. Na wateja wenyewe walishahamia kwenye baa zenye televisheni. Bibi hakulalamika. Alisema tu anataka akione kimejaa mara moja, halafu wabomoe. Ndipo mjomba, dereva wa lori la kwenda Kasesya, mpakani na Zambia, akaja na wazo la sinema na chakula. Alinunua kule mpakani sinema ya kijasusi, akatuambia humo ndani jasusi anakula kwenye kilabu cha kizamani kama hiki hiki.

Tulipika tangu asubuhi: samaki wakavu wa migebuka kwenye karanga, maharage, ugali wa ulezi. Na watu wakaja, mpaka wengine wakakaa kwenye magunia. Mjomba akatundika shuka la bibi la kudarizi, akawasha projekta.

Sinema ikaanza kuongea Kiingereza.

Sisi tumezoea zile zenye mtu anayetafsiri juu yake, mpaka majasusi wanaitana mshikaji. Mjomba hakuijaribu kwanza, na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanaziangalia hivyo hivyo zilivyo. Wazee wakaanza kukohoa. Mmoja akachukua kofia yake. Bibi, pale kwenye chungu, alikuwa haangalii shuka, anaangalia mlango. Halafu akaniangalia mimi.

Mimi, ambaye darasani nikiitwa jina najifanya natafuta kalamu chini ya dawati.

"Mama, wewe si unasoma," akaniambia taratibu. "Tuambie wanasema nini."

Nikasimama. Nikasema huyu anatafuta karatasi. Jirani yetu, mzee fundi baiskeli, akauliza karatasi za nini, au tumbo limemshika njiani. Wakacheka, na mimi nikacheka, na sauti ikatokea humo humo kwenye kicheko. Nilipokosa neno nilitunga. Mwenye kofia akakaa.

Kisha jasusi akaingia kwenye kilabu chao, cha mawe, taa hafifu. Rafiki yake wa siku nyingi akammiminia glasi, akamsogezea huku anatabasamu. Mimi natafsiri maneno matamu ya urafiki, kumbe nyuma yangu wote wanaitazama ile glasi.

"Hajaonja," akasema fundi baiskeli.

"Hajaonja huyo," wakaitikia wengine.

Bibi akasimama kabisa. "Baba, usinywe," akamwambia jasusi, kwa heshima, kama anavyosema na mteja wake.

Jasusi akanywa, akaanguka katikati ya maua ya kudarizi. Mimi mwenye Kiingereza ndimi peke yangu niliyeshtuka.

Tulikula wakimsema yeye tu. Mtu mzima, kazi yake kushuku watu, anapokea glasi vile! Huyo hakufundwa kwao, wakakubaliana, na bibi akazunguka na kikombe, anapiga funda, anampa mtu, anapiga funda, anampa mwingine. Kilabu kilikuwa kimejaa.

Leo siwezi kukuonyesha hata tofali moja. Shuka lipo, tunalo nyumbani, na bibi tunaye, ila hapiki tena pombe. Na baa za huku wanakufungulia chupa, wanaiweka mezani, wanaondoka.

Kesho yake baada ya ile sinema, Jumapili asubuhi, kabla ya misa, tulitoa mabenchi nje. Chumba kikabaki kitupu, ukisema neno linakurudia. Bibi akakaa kwenye benchi la mwisho, akaniuliza yule jasusi aliishia wapi, maana yeye alikuwa anapakua chakula. Nikamsimulia yote nimesimama katikati ya chumba, kwa sauti, mpaka pale alipopona na kurudi kwao. Akasema sawa, labda sasa amejifunza. Nikammiminia chai kwenye kikombe chake cha bati, nikapiga funda moja mbele ya macho yake, nikampa.