Dada wa Majibu

Pale hospitalini tunamwita Dada wa Majibu, kwa kuwa ndiye anayeandika kila jibu ambalo tovuti yetu humrudishia mtu aliyeuliza. Huvua viatu chini ya meza, na kabla ya kuliachia jibu hulisoma kwa sauti, kama mpishi anayeonja mchuzi. Likimchekesha, hulifuta. Juzi mama mmoja aliingia ofisini kwake, simu mkononi. Alikuwa amemtafuta kwenye tovuti mumewe aliyelazwa, akakosea herufi moja ya jina, na tovuti ikamjibu: “Mgonjwa hayupo.”

“Hayupo ndiyo nini, mwanangu? Amefariki?”

Dada aliruka pekupeku, akamshika mkono, wakapanda ngazi mbio hadi wodini. Mzee alikuwa ameketi kitandani, anagombana na muuguzi kuhusu mto.

“Afadhali umekuja, mke wangu. Hebu nitetee!”

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Dada, akihema, akamuuliza, “Sasa mama, tuwe tunajibuje?”

“Semeni tu hamjamwona bado. Msiniulie mume!”

Siku hiyohiyo tovuti ikaanza kujibu: “Bado hatujamwona. Tupigie simu tumtafute pamoja.” Sasa simu ya mezani kwake hailali, na huipokea mwenyewe.