Kipande cha Redio cha Mdogo Wangu

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha mteja, upande wa kushoto umesukwa, wa kulia umesimama kama ufagio, na redioni walikuwa bado wanazungumzia kiduku, mtindo wa nywele wa mshambuliaji mmoja wa mpira. Robo saa nzima, kiduku. Nikaachia rasta, nikachukua simu, nikapiga studio.

Jana yake, Jumapili ya barabara bila magari, mdogo wangu alishinda mbio za kilomita kumi. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, naishi naye Niboye, hapa Kigali, anatoka kukimbia alfajiri kisha anarudi kunisaidia kumwogesha mtoto. Nilikuwepo, mtoto mgongoni. Alipokata kona ya mwisho yuko peke yake, wa pili haonekani hata kivuli, nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka, naye akaanza kupiga makofi bila kujua ya nini. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu.

Mwandishi hata mmoja hakuja. Walikwenda kusubiri basi la timu ya mpira lifike mazoezini.

Sasa, kuna kampuni ilimwahidi viatu na kambi ya miezi mitatu milimani. Sharti lilikuwa moja: kabla ya Ijumaa alete kipande cha redio kinachotaja jina lake. Medali hawakuitaka. Muda aliokimbia hawakuuliza. Walimwambia wanamchukua anayejulikana, basi. Ndiyo maana Jumatatu ile tangu asubuhi simu ya mdogo wangu ilikuwa imelazwa mbele ya redio, inarekodi kiduku.

Na kipindi chenyewe ndicho kila mwenye moto, pikipiki ya abiria, anakisikiliza, kila kinyozi. Anayetajwa humo leo, kesho watoto mtaani wanagombania kuitwa yeye.

Mtangazaji akanipokea vizuri, akidhani nami nina maoni ya nywele. Nikamwambia kuna msichana ameshinda jana. Kabla sijafika kwenye jina akanikatiza.

"Mama yangu, huyo nani anamjua?"

"Hakuna. Hujamtaja."

"Hapa tunazungumza mastaa, mama."

"Mastaa mnawapika wenyewe. Huyo wa kiduku amekosa penalti mbili, nanyi mnatuambia habari za kinyozi wake."

Studio nzima ikacheka. Wakanikata, wakaweka muziki.

Nikarudi kwenye rasta. Nilijua mteja atanigombeza, maana ni mama mtu mzima, ametoka mbali, Rwezamenyo, kuja kusukwa. Yeye akanyoosha mikono nimpe mtoto aliyekuwa mgongoni mwangu.

"Ukipiga kelele redioni, hiyo ni burudani yao," akasema. "Andika barua. Wakiigonga muhuri, wamekusikia."

Nikaandika palepale, juu ya meza ya mafuta na vitana, nakala mbili. Yeye ndiye alinikumbusha kuweka chini orodha ya wanaopewa nakala, kwani hapa kwetu barua isiyo na orodha hiyo inafungiwa maandazi. Tukachukua moto mbili. Kofia ya pikipiki ikagoma kabisa kuingia upande wa kulia wa kichwa cha mama, dereva akacheka, mama akamwambia aendeshe na atazame mbele.

Pale redioni dada wa mapokezi alisema mambo ya michezo niyaache tu mezani. Nikasema sitoki bila muhuri kwenye nakala yangu. Mteja wangu akaketi, akavua kitambaa cha kichwani, nusu kichwa nje, akatangaza kwamba yeye pia hana haraka. Wageni wakaanza kugeuka. Muhuri ukapatikana.

Niliandika kwa Kinyarwanda. Jina la mdogo wangu limo mara tatu. Hapa ameniomba nisiliweke. Kwa Kiswahili ni hivi:

Kwa Mkurugenzi,

Mada: Malalamiko kuhusu mshindi asiyetajwa

Jana mdogo wangu alishinda mbio za kilomita kumi hapa Kigali. Leo kipindi chenu cha michezo kimezungumzia nywele. Nilipopiga simu, mtangazaji aliniambia hakuna anayemjua, akanikata. Atajulikanaje?

Naomba jina lake na muda wake visomwe katika kipindi hichohicho, kabla ya Ijumaa. Naomba pia mbio zijazo mtume mtu. Asimame kona ya mwisho, nitakuwa pale na mtoto mgongoni.

Wanaopewa nakala: waandaaji wa mbio, ofisi ya sekta ya Niboye, kampuni ya viatu, ili wajue kwamba jina lake limefika redioni, na muhuri ni huu.