Uso wa Ambokile kwa Uzi Mmoja

Pale Uyole, Tumpe akishakusudia jambo, hata umkalishie kikao hageuki. Mumewe Ambokile, dereva wa lori, alifariki akaacha picha moja tu ya maana kwenye simu: amesimama kivulini kando ya lori lake, anacheka. Mama mkwe macho yamechoka, kioo cha simu hakimwonyeshi kitu, na alikuwa ameanza kulalamika kwamba sura ya mwanawe inamtoka. Tumpe, ambaye miaka yote anadarizi vitambaa vya makochi, akaapa kumdarizi mumewe kwa uzi wa rangi moja, awe tayari ukutani siku ya ibada ya kumbukumbu.

Akaiingiza picha kwenye programu ya simu, ile inayoigeuza kuwa visanduku vidogo: kisanduku cheusi unashona msalaba, cheupe unakiacha. Weee! Uso wote ukawa weusi mtupu, yakabaki meno. Akaongeza mwanga, akaongeza tena, mpaka pua na macho vikajitokeza. Akashona uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe, akampelekea mama mkwe akiwa amejaa furaha.

Mama akakisogeza karibu na macho, kisha akakirudisha mapajani mwa Tumpe.

"Huyu ni nani? Mimi mwanangu nilimzaa mweusi."

Iliuma, jamani. Majirani wakamwambia aachane naye, bibi huyo haridhiki. Lakini Tumpe alipokitazama tena kile kitambaa akaona kweli amemshona mtu mwingine, mtu aliyepauka. Mwanga wote ule aliouongeza ndio uliomfuta Ambokile.

Akaenda sokoni kununua kitambaa cheusi na uzi mweupe. Majirani wakashtuka, nani anatundika msiba sebuleni? Akawajibu kwamba msiba ulishaingia siku nyingi. Safari hii picha hakuiongezea mwanga hata kidogo. Alishona pale tu jua lililopenya kivulini lilipomgusa mumewe: paji la uso, shavu moja, ncha ya pua, meno. Kwingine kote akakiacha kitambaa na weusi wake. Jicho la kushoto lilimtesa, akalifumua, akalishona, akalifumua tena, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Siku ya ibada akakitundika kwa mama mkwe, akabaki ameelekea ukutani, anaogopa kugeuka.

"Tumpe," mama akasema hatimaye, "sogea mwanangu. Unamziba."