Uzito wa Bibi Yako

Kuna siku moja sitaisahau, mwanangu, na leo nakusimulia hata kama utanijibu kwa Kiingereza. Kaa hapo. Simu weka chini.

Wewe ulikuwa bado tumboni. Nilikuwa mgeni nchi hii, nafunga maboksi kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya vichwa vyetu mchana kutwa. Mimba nilikuwa naificha. Naibana kwa kanga chini ya koti, naogopa watanifukuza. Siku hiyo miguu ilikataa, nikakaa kidogo juu ya boksi. Msimamizi, kijana tu, akapaza sauti wote wasikie: "Pull your weight!" Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari, cha kujibia mtihani. Maana sikuijua, ila nilijua nimesemwa.

Jioni nikamwuliza mwalimu wetu, kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima pale Downsview. Akachora mtumbwi ubaoni. Akasema maana yake ni utoe mchango wako, usiwaachie wenzako kazi. Na asili yake ni wapiga makasia: kila mmoja avute kasia kwa nguvu ya kutosha kusogeza angalau uzito wa mwili wake mwenyewe. Asipovuta, wenzake wanambeba kama gunia.

Dawati la mbele alikaa Mama Zawadi, Mkongo wa Uvira, rika la bibi yako. Akageuka.

"Sisi kule ziwani mama mwenye mimba hakushika kasia. Alipewa kopo, atoe maji yanayoingia. Mtumbwi wetu ulivuja, weee! Bila kopo lile mimi nisingekuwa hapa nasumbuliwa na Kiingereza."

Darasa zima likacheka. Mimi nikalia, nikawaeleza yote. Akanishika mkono, lakini maneno hakuyapunguza: "Na wewe binti, unajifunga kanga kama umeiba? Yule kijana atajuaje? Kesho umwambie, akupe kopo lako."

Nilimwambia. Kumbe hakuwa mtu mbaya. Wakanipa kiti na kazi ya kubandika lebo, nikaifanya mpaka karibu na kukuzaa.

Sasa tuje kwako. Jumamosi unapitisha mashine ya kufagia kwenye zulia, bibi yako kakaa kwenye kochi, wewe unamwambia mdogo wako eti bibi hapull weight yake. Ulidhani haelewi! Mama yangu anaangalia tamthilia za Kiingereza kila mchana. Nikamkuta chumbani anakunja kanga zake kwenye begi, anataka nimpeleke Mississauga kwa mjomba wako, ambaye yuko kazini kutwa. Angekaa na kuta. Damu ilinichemka, mwanangu. Nusura nikuzabe kofi.

Mimi natoka alfajiri kuwahi basi. Nani anakuamsha? Ulipoharisha wiki nzima, nani alikukorogea uji na kufua yale mashuka? Mdogo wako anarudi kutoka shule, mlango unafunguliwa na nani? Nani kakufundisha kusema shikamoo? Huyo anatoa maji tangu alipofika. Maji yakishatoka huyaoni tena, ndiyo maana unadhani mtumbwi wetu hauvuji.

Lakini nikupe haki yako. Sikukutuma. Uliingia mwenyewe chumbani, nami nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunibebea begi?"

"Hapana, bibi. Usiende. Samahani."

Akakuangalia weee, mpaka nikaanza kukuhurumia.

"Basi lirudishe juu ya kabati. Mimi sifiki."

Ukapanda kiti, ukalirudisha. Jioni tukala chapati zake, na wewe ukaosha sufuria bila kuambiwa. Hasira zangu ziliishia hapo. Karibu zote.

Kwa hiyo sikia. Kazi yako ifanye, usimfanye mwenzako akubebe. Lakini kabla hujamwita mtu gunia, tazama mikononi mwake ana kopo gani. Na siku ukichoka, useme. Usijifunge kanga kama mama yako.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na macho ya kuona mikono ya wengine. Na siku utakapozeeka ukakaa kwenye kochi, akupe mjukuu wa kukurudishia begi lako juu ya kabati.