Sahani Nyuma ya Goli

Kabla ya vita sahani ile ilikuwa mchezo tu. Timu ya koleji, yaani sekondari ya mji wetu, ikimaliza kucheza, mashabiki walibaki wamesimama uwanjani wakibishana nani amecheza kuliko wote, na aliyekubaliwa na wote alipewa sahani ya wali na samaki. Mpishi nilikuwa mimi. Nilikuwa nauza chakula nyuma ya goli la upande wa mto, kwa sababu ukuta wa koleji ulinipa kivuli na wachezaji walipita pale wakienda kunawa. Watu waliniita mama ya sahani. Koleji yenyewe sikuisoma, niliishia shule ya msingi, kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na pengine nakosea mpangilio. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyosikia nitasema nilisikia.

Sahani ilikuwa na sheria zake. Haikugawanywa. Haikutoka mpaka mabishano yaishe. Kama mtu mmoja bado anakataa, wali unapoa na wote wanangoja. Tena mwenye chungu hakuruhusiwa kusema neno juu ya mpira, maana walisema nikipewa mdomo nitamlisha mtoto wa dada yangu. Dada yangu alikuwa na watoto wa kike watupu, lakini niliona ni haki, nikanyamaza.

Wabishi wakubwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu wa reli, wazazi wake walitoka Kasai, na kofia ya kazi hakuivua hata Jumapili. Wa pili alikuwa fundi wa kushona, Mwislamu wa hapa hapa Kindu. Mtu wa reli alisimama upande wa mshambuliaji. Fundi alisimama upande wa kipa.

"Goli njo inahesabiwa," alisema mtu wa reli, maana "ndiyo" yake ilikuwa "njo". "Nani anahesabu mipira yenye haikuingia?"

"Mimi nahesabu," fundi akamjibu. "Weye papa, suruali unaona, uzi hauone. Ngoja nivute uzi, tuone utabakia na nini hapa mbele ya mama ya sahani."

"Vuta tu. Hata bila suruali nitasema: goli mbili ni goli mbili."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Halafu vita ikafika. Mji ulishikwa na wenye silaha, na pori likashikwa na wenye silaha wengine, sisi tukabaki katikati. Treni haikuja tena. Mashamba yalikuwa ng'ambo ya vizuizi, na aliyekwenda kung'oa muhogo alijua kwamba huenda asirudi. Wanawake wengine walirudi na mambo ambayo sitayaandika. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, bila mawese na bila chumvi, mpaka watoto wakavimba miguu.

Mpira haukusimama. Watu wa mbali hawalielewi jambo hili, na sina hakika kama mimi mwenyewe nalielewa. Madarasa yalifungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena, lakini Jumapili timu ya koleji ilicheza na shule nyingine za mji. Na sahani haikusimama. Kila shabiki alileta mchele kiasi cha kiganja, umefungwa kwenye jani au kwenye pindo la nguo, nami nikaupika wote pamoja. Mtu angeweza kuupika ule mchele kwake. Sikuwahi kumsikia hata mmoja akilisema hilo.

Kipa alikuwa kijana wa darasa la mwisho. Baba yake alifanya kazi kwenye treni iliyoshuka Kibombo na haikupanda tena, kwa hiyo nyumbani alibaki yeye na mama yake na wadogo zake. Mshambuliaji alikuwa mtoto wa ng'ambo ya mto, wa Alunguli, akikaa kwa mjomba wake aliyekuwa na mtumbwi na wavu. Kwake samaki alionekana mara moja moja. Nataka kuwa sawa kwake pia: shingo yake nayo ilikuwa imekonda, na akikimbia ulihesabu mbavu.

Jumapili moja mshambuliaji alifunga mara mbili, na kipa alidaka penalti. Walibishana mpaka jua likashuka usawa wa ukuta. Mwishoni fundi akasema jambo ambalo halikuwahi kusemwa pale.

"Kwa mama ya huyu kipa moshi haionekane tangu juzi. Mimi ni jirani, ninaona. Sahani iende kule."

Watu wakatazama chini. Mtu wa reli akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Fundi, ndugu yangu, kwangu pia moshi haiko. Kwa nani iko? Tuko tunaongea mupira, hatuko tunaongea masufuria. Tukianza kupima njaa, kesho kila muntu ataleta njaa yake hapa, na mupira itakufa. Uniambie ukweli: nani alicheza kupita mwenzake leo?"

Fundi aliuchomoa uzi kwenye pindo la shati lake. Ni mtu mkweli. "Wa mbele," akasema.

Sahani ikaenda kwa mshambuliaji. Nimelifikiri neno la mtu wa reli kwa miaka, na bado naona alikuwa na haki, na fundi alikuwa na haki. Sijui haki mbili zinakaa vipi katika chungu kimoja. Kipa alikuwa amesimama karibu akisikia yote. Alivua soksi alizozishona kuwa glavu, akazikunja, akaenda.

Jumapili iliyofuata alianza kuruka.

Mimi nilikaa nyuma ya goli, kwa hiyo naweza kusema niliona. Mpira ulikuja polepole, ulikuja kifuani kwake kabisa, mpira wa mtoto. Akapiga hatua moja kuuacha pembeni, halafu akajirusha kuufuata, akaudaka hewani, akaanguka na vumbi. Uwanja wote ulipiga makofi. Kutoka katikati ya uwanja huwezi kuiona ile hatua. Alifanya hivyo tena na tena. Jioni mtu wa reli mwenyewe ndiye aliyesimama kumtetea, akaonyesha kwa mikono jinsi kijana alivyopaa, mpaka kofia ikamwanguka. Hakuna aliyekataa. Nikampakulia wali wote, akaubeba chini ya shati kama mtu anayebeba kuku. Jumapili ya pili yake akaupata tena.

Sikusema neno. Sheria ilinifunga mdomo, na siku zile niliipenda sheria.

Lakini timu ikaharibika. Mshambuliaji alipoona sahani inakwenda kwa mwenye kupigiwa makofi, akaacha kutoa pasi. Alipiga chenga peke yake mpaka mpira ukapotea. Beki naye akapanda mbele kutafuta goli lake, nyuma kukabaki uwazi kama barabara. Timu ilifungwa na shule ambazo zamani hazikuthubutu hata kutuomba mechi. Mashabiki wakabishana. Mmoja akasema ni kocha. Mwingine akasema kuna kitu kimefukiwa katikati ya uwanja, wakakwenda kuchimba kweli, wakatoa mzizi na kopo la zamani. Mwingine akasema vijana wa leo hawana moyo.

Ni mtu wa reli aliyeona. "Haiko kocha," akasema. "Njo sahani. Kila muntu anacheza sahani yake. Tuigawanye: kila muchezaji kijiko yake, tuwe timu tena."

"Kijiko hailishe nyumba," fundi akasema.

"Najua. Lakini sahani moja iliua timu ya watu kumi na moja."

"Unachagua timu."

"Mimi ni shabiki, nichague nini?"

Fundi alikataa, akakataa tena, na wali ukapoa. Mwishoni watoto wa timu wenyewe, wamekaa chini na njaa yao, wakasema kijiko ni sawa. Kipa naye alisema sawa. Nilimsikia. Fundi akainama.

Na timu ikarudi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Mipira ilitembea mguu kwa mguu, mshambuliaji akatoa pasi, beki akakaa kwake. Kipa hakuruka tena. Alisimama mahali mpira utakapofika, akaupokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Fundi alisema hajawahi kumwona akicheza vizuri hivyo, na mtu wa reli akakubali. Nafikiri ndiyo mara pekee walikubaliana bila kutukanana.

Siku moja baada ya mechi kipa alibaki nyuma, akakaa karibu na mafiga yangu.

"Mama, kama mutu akidaka penalti, bado ni kijiko?"

"Bado ni kijiko, mwanangu."

"Na penalti mbili?"

Nikamkwangulia ukoko wa chungu. Ulikuwa kidogo, tena umeungua. Aliufunga kwenye jani, hakuula.

Jumapili iliyofuata hakuonekana. Mashabiki walikasirika. Mmoja alisema kijana amepata kiburi, mwingine akasema amenunuliwa na shule ya ng'ambo. Wakamweka mwingine golini, na tulishinda. Wakati wa mabishano ndipo mdogo wake mmoja akaja kusema kaka yao ameingia mtumbwi na watu wanaoshuka Lokandu kutafuta samaki. Kelele zikaisha. Kila mtu alijua habari za mto ule.

Nilichosikia ni hiki: mtumbwi ulisimamishwa na wenye silaha kabla ya kufika. Upande upi, wa mji au wa pori, waliosema hawakukubaliana, na mimi sitachagua. Hakurudi mtu hata mmoja. Mtu wa reli hakuja uwanjani kwa muda mrefu. Alipokuja alisimama pembeni, na mtu akimwuliza nani amecheza vizuri, alisema, "Wote walicheza."

Sasa vita imepita mjini kwetu, au imesogea. Treni inakuja ikitaka. Mashabiki wanasimama karibu na maegesho ya pikipiki, wanafungua simu, wanasoma mchezaji fulani wa Ulaya amenunuliwa kwa bei gani, wanagombana kama vile wao ndio wanamlipa. Koleji ina timu mpya, na wazee wakitaka kuwanyamazisha vijana wanamtaja kipa wa vita. Hivi karibuni kijana mmoja akajibu, "Yule? Baba yangu alimuona. Alikuwa anaruka bure, anafanya sinema."

Mama yake kipa alikuwa anapita na beseni la mihogo kichwani. Ni mzee sasa, lakini anasikia vizuri. Aliwapita. Alikuja kwangu, akatua beseni.

"Dada, mimi uwanjani sikuwahi kufika. Unajua. Niliona sahani tu. Zile siku aliileta, alikuwa mukubwa wao kweli?"

Nilianza kumweleza alivyosema fundi, na alivyosema mtu wa reli.

"Hao najua. Nakuuliza weye. Ulikuwa nyuma yake."

Niliweka mwiko chini. Nikamwambia ukweli. Nikasema siku zile mbili aliyecheza kuliko wote hakuwa mwanawe. Mipira ilikuja kifuani. Aliiacha pembeni makusudi, ndipo akaruka.

Akanitazama. "Basi walimupa kwa huruma."

"Hapana. Hakuna aliyejua. Waliona ameruka kweli."

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule wa reli, mwenye kujua yote?"

"Yeye ndiye alisema kupita wengine. Mpaka kofia ikamwanguka."

Alianza kucheka. Sijawahi kumwona akicheka, na tumeishi mtaa mmoja tangu vita. Alicheka akashika goti langu, akasema, "Aliwadanganya! Mutoto huyu! Wazee wazima na mandevu yao!" Akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na huko chini sauti ikabadilika, ikawa nyingine. Nilikaa naye. Watu wa pikipiki waligeuka kututazama, halafu wakarudia simu zao.

Baadaye alijifuta kwa kitenge, akaniomba nimtwike beseni.

"Usiwaambie wale vijana," akasema. "Waache waseme aliruka bure."

Nikamtwika.