Kisima na Halwa: Kipi Kilitangulia Mtaani Kwetu?

Mama mkwe wangu ndiye aliyenidokeza kwamba karani wa baraza la mji atapita mtaani kwetu, hapa Malindi ya zamani, kuuliza historia ya mtaa ili autundikie kibao cha jina.

Kweli akaja. Bibi wa nyumba ya kulia akamwahi. "Andika Mtaa wa Kisima, mwanangu. Babu yangu alichimba kisima hapa pakiwa kichaka."

Bibi wa nyumba ya kushoto akatoa kichwa dirishani. "Kichaka? Babu yangu akiuza halwa hapa kabla ya hicho kisima!"

"Na hiyo halwa akiipika kwa maji gani, shoga? Kwa mate?"

"Maji yakija na punda kutoka Mto Sabaki!"

Karani akakuna kichwa, akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni na mwanangu mgongoni. "Basi tumuulize huyu mama."

"Muulize!" wakasema wote wawili. "Huyu ameolewa tu hapa, kwao Mambrui. Hana upande."

Nikasema mtoto analia, nikakimbilia ndani. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Karani akaenda zake, akaahidi kurudi.

Naona historia ya mtaa hutegemea hodi imepigwa mlango upi kwanza.

Kulipokucha ilinibidi niwaamkie, nami nikijua kuwa nitakayemtanguliza atajiona ameshinda. Nikangoja mpaka wote wawili wakatoka kufagia, nikasimama katikati ya njia, nikatazama chini, nikasema mara moja tu, "Shikamooni, bibi zangu."