Nondo wa Matete na Sahani ya Pili

Nyuma ya nyumba tuliyopanga Mtoni, Temeke, palikuwa na tope la maji ya chumvi lililoota matete. Humo waliishi nondo wadogo, wembamba, wa rangi ya tete kavu. Mmoja akitua juu ya mkeka na kukunja mbawa, humwoni mpaka aruke tena. Mvua zikianza walifuata taa zetu.

Mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyeishi peke yake vyumba vya mbele, hakutaka wauawe. Nondo akiingia ndani, kwake hiyo ilikuwa habari ya mgeni. Aliongeza mchele, akakuna nazi, akaandaa sahani ya pili. Ikipita isha hajatokea mtu, alifungua mlango wa uani na kumwita mpangaji yeyote: "Njoo ule, chakula kisilale." Nimekula pale mara nyingi.

Mpangaji mwenzangu, mwalimu wa kike kutoka Njombe, yeye aliwapulizia dawa.

"Mama, kwetu huyu ni mdudu tu."

"Hata kwetu ni mdudu, mwanangu. Ila ana adabu, anatangulia kupiga hodi."

Kisha mwenye kiwanja kile cha matete akaleta malori ya kifusi, tope likafukiwa. Msimu uliofuata mvua zilinyesha, nondo hawakuja. Mama akawa anakunywa chai kwa kipande cha muhogo, mlango wa uani umefungwa. Tulipomkaribisha kwetu alijibu kwamba hana hamu. Hakuwa mtu wa kuita watu bila sababu, na sababu yake ilikuwa chini ya kifusi.

Jioni moja nilimwona mwalimu akitoka kwenye mfereji wa pembeni, kulikobaki matete machache. Miguu imejaa tope, viganja kavifumba. Alinipita bila salamu. Nikamfuata hadi sebuleni kwa mama.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukujulia hali tu."

Mwalimu akafumbua viganja nyuma ya mgongo. Nondo akaruka, akaizunguka taa, akatua ukutani.

Mama alimtazama nondo kwa muda. Kisha akavitazama vidole vya mwalimu, vilivyopakaa unga wa mbawa.

"Marahaba," akasema. "Kanawe mikono, uje unikunie nazi. Huyu wa leo kaja na mgeni wake kabisa."